Mlipuko wa Chester, 2008: kombora la manowari mikononi mwa mkusanyaji

Tarehe 18 Februari 2008, katika kitongoji cha Chester, kusini mwa Richmond, jimboni Virginia, mwanamume wa miaka 53 aliuawa na kombora la Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vita vilivyokwisha mwaka 1865. Alikuwa kwenye njia ya gari mbele ya nyumba yake, akisafisha kombora la mviringo lenye kipenyo cha inchi 9 na uzito wa ratili 75, yaani kama kilo 34. Kipande cha chuma kilichorushwa na mlipuko huo kilipasua baraza ya nyumba iliyokuwa umbali wa robo maili. Polisi waliwahamisha wakazi wa nyumba kama 24 kwa siku mbili, na wataalamu wa kutegua mabomu wakaupekua mkusanyiko wa marehemu, wakachukua vitu walivyovitilia shaka na kuvilipua.

Marehemu hakuwa mtu wa kubahatisha. Miongoni mwa wakusanyaji wa mabaki ya vita hivyo alifahamika kuwa fundi wa kutegua na kusafisha makombora yaliyochimbuliwa, na mwenyewe alikadiria kwamba makombora 1,600 hivi yalikuwa yameshapita mikononi mwake, mengine ya wakusanyaji wenzake na mengine ya makumbusho. Siku hiyo matufe 18 yalikuwa yamepangwa kwenye njia ya gari yakisubiri kushughulikiwa.

Tangu hapo kisa hiki husimuliwa kwa namna mbili. Wasiozijua zana hizi husema kwamba anayechezea bomu ameyataka mwenyewe. Wakusanyaji, na pamoja nao wanajeshi wastaafu waliobobea katika zana za enzi hiyo, husema ilikuwa bahati mbaya isiyo na mfano, kwa kuwa tufe la mzinga la miaka ile halilipuki kwa kuangushwa chini wala kwa kutikiswa ndani ya gari. Kauli ya pili imeukaribia ukweli zaidi, lakini nayo inaficha jambo. Hesabu ya 1,600 inachanganya vitu vya asili tofauti, vingi vyake bila shaka vikiwa havina tena uwezo wa kulipuka, ilhali kombora lililomuua lilitoka katika jamii ndogo ya makombora yaliyobuniwa makusudi ili maji yasiingie ndani. Mtu aliyefanikiwa mara nyingi kiasi hicho alikuwa na ushahidi mwingi juu ya makombora kwa jumla, na ushahidi huo haukumwambia chochote cha kutegemewa juu ya aina hii.

Ardhi iliyojaa chuma

Chester iko kati ya Richmond, uliokuwa mji mkuu wa majimbo ya Kusini, na Petersburg, mahali zilipokutana njia za reli zilizoulisha mji mkuu huo. Kuanzia Juni 1864 hadi Aprili 1865 jeshi la Muungano, yaani la Kaskazini, liliuzingira Petersburg kwa siku 292, na mizinga ya pande zote mbili, pamoja na ile mifupi inayotupa kombora juu ili lidondokee ndani ya handaki, ilifanya kazi mchana na usiku. Upande wa mashariki unapita mto James, uliokuwa njia ya manowari. Tarehe 15 Mei 1862 meli za Muungano, zikiwamo Monitor na Galena, zilipanda mto huo hadi Drewry's Bluff, si mbali na Chester ya leo, zikarudishwa na mizinga ya Kusini iliyowekwa juu ya genge. Galena ilikuwa na mizinga ya manowari ya aina ya Dahlgren ya inchi 9, kipenyo kilekile cha kombora tunalolizungumzia, ingawa hilo halitoshi kutaja meli lilikotoka.

Mpango wa serikali ya Marekani wa kulinda viwanja vya vita unakadiria kwamba majeshi mawili yale yalirushiana makombora na matufe milioni 1.5 kati ya 1861 na 1865, na kwamba huenda moja kati ya kila matano halikulipuka. Makadirio ya namna hii hayawezi kuwa sahihi kwa kila tarakimu, lakini yanaeleza kwa nini, baada ya chuma kingi kuokotwa na wenyeji na kuuzwa kama chuma chakavu vita vilipokwisha, bado mkulima wa Virginia anaweza kugonga tufe kwa jembe la trekta, na kwa nini mtu mwenye kifaa cha kutambua metali, akipata ruhusa ya mwenye shamba, anaweza kurudi nyumbani jioni na kombora ndani ya ndoo. Mwezi mmoja tu baada ya mlipuko wa Chester, kombora la inchi 8 lenye uzito wa ratili 44 liligunduliwa katika uwanja wa vita wa Petersburg, likapelekwa kwenye dampo la mji na kulipuliwa huko.

Kilichomo ndani ya tufe

Mkusanyaji anayeanza hufundishwa kwanza kutenganisha tufe gumu na tufe lenye uvungu. Tufe gumu la mzinga wa ratili 12, uliotumika zaidi uwanjani, lina kipenyo cha inchi 4.52 na uzito wa ratili 12 na kidogo. Limesubiwa lote kwa chuma na halina cha kulipuka. Kombora lenye uvungu la kipenyo hichohicho huwa na ratili nane au tisa, na ndani yake lilitiwa nusu ratili ya baruti. Aina ya tatu ndiyo inayowachanganya wengi, kwa kuwa uvungu wake ulijazwa goroli 78 za risasi zilizoshikizwa kwa kiberiti (salfa) au lami, pamoja na wakia moja tu ya baruti ya kulipasua, na kwa sababu ya goroli hizo uzito wake hukaribia ule wa tufe gumu. Anayetegemea mizani peke yake atalikosea.

Hapa inafaa kusema kando kwamba sehemu ya matufe yanayouzwa kwa jina la matufe ya mizinga hayakuwahi kuona vita. Mengine ni matufe ya mchezo wa kurusha tufe, ambayo hutengenezwa kwa uzito wa ratili 12 na 16, na mengine ni matufe ya mashine za kusagia mawe viwandani. Mnunuzi asiyejua vipimo rasmi vya mizinga ya wakati ule hulipa fedha nyingi kwa chuma kisicho na historia yoyote, na kwa usalama wake huyo ndiye mwenye bahati kuliko wote.

Tofauti ya pili, ambayo ndiyo kiini cha kisa hiki, iko kwenye fyuzi, yaani kifaa kinachoupeleka moto kwenye baruti iliyo ndani. Makombora mengi ya mviringo ya jeshi la nchi kavu la Muungano yalitumia fyuzi iliyobuniwa na ofisa wa Kibelgiji aitwaye Bormann. Ni kisahani cha metali laini, mchanganyiko wa risasi na bati, chenye hesi pembezoni, kilichozungushwa kwenye tundu la kombora hadi kikawa sawasawa na uso wa tufe. Juu yake zimechorwa tarakimu za sekunde, kuanzia robo za kwanza hadi tano na robo, zikizunguka kama kiatu cha farasi, na chini ya tarakimu hizo umepita mfereji mwembamba wa baruti iliyoshindiliwa. Mpigaji mzinga alitoboa metali kwa patasi kwenye sekunde aliyoitaka. Moto wa mzinga ukaingia hapo, ukasafiri ndani ya mfereji na kufika katikati, kisha ndani ya kombora. Kombora lililoshindwa kulipuka na kuangukia shambani likiwa limeshatobolewa lina mlango ulio wazi. Mvua ya Virginia huingia kwa tobo hilo msimu baada ya msimu, huku metali laini ikiendelea kuoza pembeni ya hesi. Upande wa Kusini uliiga fyuzi hiyo, lakini nakala zake zilivuja moto na kulipua makombora mapema mno hadi ikaachwa, na badala yake zikatumika sana fyuzi za karatasi zilizochomekwa kwenye kizibo cha mbao au cha shaba. Karatasi na mbao haziishi ardhini. Akilipata kombora la aina hiyo, mkusanyaji mara nyingi hukuta tundu limejaa udongo, na ndani ya uvungu baruti imekuwa tope jeusi.

Kombora la manowari lilitakiwa kufanya kazi nyingine kabisa. Baharini na mtoni wapigaji walipenda kulirusha chini, lidunde juu ya maji mara kadhaa kabla ya kuugonga ubavu wa meli ya adui. Kila lilipodunda lilizama nusu na kuibuka, na fyuzi ikiwa inawaka. Kwa hiyo jeshi la majini la Marekani lilitumia fyuzi ya shaba nyeupe yenye kofia maalumu, ambayo ndani yake njia ya moto imepindishwa na kujazwa unga wa baruti, hivi kwamba moto hupita lakini maji hayapati nafasi ya kuingia moja kwa moja. Juu ya kofia paliwekwa kibandiko cha risasi kilichobanduliwa wakati wa kushindilia tu, na mwisho wa chini ukazibwa kwa kizibo kidogo cha risasi ambacho kilikusudiwa kuachia pale tu mzinga ulipofyatuliwa. Shaba haili kutu kama chuma. Hesi za shaba ndani ya chuma cha kusubu, zikiwa zimekazwa na fundi wa karakana ya majini, zinaweza kubana vilevile baada ya karne na nusu. Nyuma yake, katika kombora la inchi 9, ilikaa baruti ya ratili tatu hivi, mara sita ya ile ya kombora la kawaida la uwanjani.

Kwa maneno mengine, sifa ileile iliyolifanya kombora hilo kuwa bora mwaka 1862 ndiyo iliyolihifadhi hadi 2008. Kwa kulitazama nje, likiwa limefunikwa na ukoko wa kutu na mchanga, haionekani kama maji yameingia au la, na kipimo cha mkono hakisaidii. Linaloonekana, kwa anayejua, ni kwamba lina inchi 9 na fyuzi ya shaba. Hayo mawili yalitosha kuliweka mbali na yale mengine.

Baruti haizeeki

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura (aina ya chumvi), makaa na kiberiti, kwa vipimo vya kawaida vya sehemu 75, 15 na 10. Hakuna kati ya vitu hivyo vitatu kinachoharibika kwa kukaa tu. Kinachoishinda ni maji, kwa kuwa shura huyeyuka, na baruti iliyolowa haishiki moto. Lakini ikilowa bila kusuuzwa, kisha ikakauka, shura hubaki palepale ndani ya uvungu na uwezo wa kuwaka unaweza kurudi. Ndiyo maana neno "limelowa" halina uzito katika kazi hii mpaka liambatane na neno "limesuuzwa".

Upande wa pili, baruti nyeusi si kama vilipuzi vya kijeshi vilivyoifuata. Haitaki kugongwa, inataka joto la kiasi cha nyuzi 300 za selsiasi, ambalo hupatikana kwa moto, kwa cheche au kwa msuguano mkali. Ikiwa wazi juu ya meza huwaka kwa ghafla na moshi mwingi. Ikiwa imefungwa ndani ya chuma chenye unene wa vidole viwili, gesi yake haina pa kwenda mpaka chuma kipasuke. Kuporomoka kwa tufe kutoka rafuni hakuleti joto hilo, na hapa wataalamu waliosema kwamba makombora haya hayalipuki kwa kuangushwa walikuwa sahihi kabisa. Chombo cha umeme kinachozunguka mara maelfu kwa dakika juu ya chuma kikavu kinalileta bila taabu.

Wajuzi wa zana hizo waliozungumza na waandishi wa habari baada ya tukio walidhani kwamba marehemu alikuwa akitumia drili, au jiwe la kusagia lililofungwa kwenye drili, kuondoa ukoko uliogandamana na tufe, na kwamba cheche zilizoruka ndizo zilizowasha baruti. Aliyekuwapo alikufa, kwa hiyo maelezo hayo yatabaki kuwa dhana yenye nguvu. Hata hivyo yanalingana na kila kitu kingine kinachojulikana: aina ya kombora, aina ya baruti, na ukubwa wa mlipuko, ambao kombora lenye baruti iliyoharibika nusu lisingeweza kuutoa.

Sasa turudi kwenye ile hesabu. Tuseme makombora 1,600 yalipitia mikononi mwake. Tutoe yale magumu, yasiyo na uvungu. Tutoe yaliyokwisha kupoteza fyuzi na kujaa udongo, na yale ambayo maji ya mvua au ya mto yalikuwa yameyasuuza zamani. Tutoe pia yale yaliyowahi kutobolewa na mkusanyaji mwingine. Idadi inayobaki, ya makombora yaliyofungwa kikamilifu na yenye baruti kavu ya kutosha, hakuna aliyewahi kuiandika popote, na inawezekana ikawa ndogo sana. Mafanikio yake yalihesabiwa juu ya jumla nzima, ilhali hatari ilikuwa imelala ndani ya kikundi kidogo. Ndiyo sababu siikubali kauli kwamba mlipuko ule ulikwenda kinyume cha uwezekano. Ulikwenda kinyume cha wastani, jambo ambalo ni tofauti. Kwa kombora lile, likiwa kavu na limefungwa, likisagwa kwa chombo kinachotoa cheche, uwezekano haukuwa mdogo hata kidogo.

Soko linataka nini

Haitoshi kuuliza kwa nini alifanya hivyo bila kuuliza nani alikuwa akingojea kombora hilo likiwa safi. Chuma kilichotoka ardhini hakipendezi. Kimejaa chumvi, na chumvi hiyo isipotolewa chuma huendelea kuliwa kutoka ndani hata kikiwa kabatini, hadi magamba yaanze kubanduka na hatimaye tufe lipasuke. Chuma kilichotoka baharini hali yake ni mbaya zaidi. Kwa hiyo usafi wa makombora una sababu ya kweli ya kihifadhi. Njia inayoaminika ni kulitumbukiza kombora kwenye maji yenye magadi na kupitisha umeme mdogo kwa majuma au miezi, kuyabadilisha maji hayo mara kwa mara, kisha kulikausha na kulipaka nta. Ni kazi ya subira, na haitoi cheche. Lakini angalia hatua ya kukausha: kombora lililotoka ardhini limelowa, ambalo halijafunguliwa na kusuuzwa ndani, linapokaushwa kwa uangalifu wote huo linarudishiwa kile ambacho mvua ilikuwa imelinyang'anya. Ndiyo sababu utaratibu unaoheshimika huanza na kutegua, na kutegua kwenyewe hufanywa kwa drili inayoendeshwa kutoka mbali, nyuma ya kinga, maji yakitiririka mahali chuma kinapotobolewa, na uvungu ukisuuzwa hadi maji yatoke meupe. Hiyo si kazi ya karakana ya nyumbani, na siielezi hapa ili mtu akaijaribu.

Tatizo ni kwamba tobo linaloonyesha kombora limeteguliwa ni kovu machoni pa mnunuzi. Wakusanyaji hulitaka kombora zima, fyuzi ikiwa mahali pake, tarakimu zinasomeka, na tobo, kama lazima liwepo, likiwa chini lisipoonekana. Wapo hata wanaoliziba na kulipaka rangi ya kutu. Kwa njia hiyo soko linaharibu ushahidi pekee wa nje unaoweza kumwambia mrithi, zimamoto au fundi wa baadaye kwamba kitu hiki ni salama. Makumbusho nayo hayakuwa na mikono safi kabisa, kwa kuwa baadhi yake yalipeleka makombora yao kwa mtu binafsi mwenye drili mbele ya nyumba yake. Kama taasisi zenye dhamana ya kuhifadhi zilikuwa zimezoea kufanya hivyo, ni vigumu kumlaumu yeye peke yake kwa kuona kwamba kazi hiyo ni ya kawaida.

Kilichofuata siku zile mbili kiliwaumiza wakusanyaji kwa namna nyingine, kwa sababu mafundi wa kutegua mabomu walilipua vitu vilivyokuwa na thamani ya kihistoria. Naielewa hasira hiyo, lakini naona mafundi walikuwa na haki. Mtu anayeingia kwenye nyumba ambako kombora moja limeshaua, akakuta mengine ambayo hayana karatasi wala alama ya kuteguliwa, hana sababu ya kukisia kwa kusoma uso wa kutu. Laiti kila tufe lingekuwa na kipande cha karatasi kinachosema lilitoka wapi, lina fyuzi gani, liliteguliwa lini na nani, sehemu ya mkusanyiko huo ingeweza kuokolewa.

Zipo njia mbili za kushughulikia makombora haya zinazoonekana katika matukio ya karibuni. Oktoba 2016, kimbunga Matthew kilipofukua mchanga wa Folly Beach, South Carolina, matufe ya vita hivyo yalionekana ufukoni na mengi yao yakalipuliwa na wanajeshi. Februari 2023, karibu na kilima cha Little Round Top huko Gettysburg, mtaalamu wa akiolojia aliyekuwa akipitisha kifaa cha kutambua metali kabla ya ukarabati wa eneo alilikuta kombora lenye urefu wa inchi 7 hivi. Aliliacha palepale, akapiga simu, na kikosi cha jeshi kutoka Fort Belvoir kikaja kuliondoa na kuliharibu. Njia ya pili ilitumika mwaka 2015 katika mto Savannah, kwenye mabaki ya meli ya Kusini iitwayo CSS Georgia, ambako wapiga mbizi wa jeshi la majini waliyatoa makombora majini kwa utaratibu, yakateguliwa na kuhifadhiwa badala ya kulipuliwa. Tofauti kati ya hizo mbili ni fedha na muda. Meli ile ilikuwa inaondolewa kwa ajili ya kuchimba bandari, mradi wenye bajeti kubwa. Ufukweni kuna watalii, na afisa wa zamu anataka eneo lifunguliwe kabla ya jua kuzama.

Mahali kombora lilipolala

Wakusanyaji wengi wa Virginia huchimba kihalali, katika mashamba ya watu binafsi na kwa idhini ya wenyewe. Ardhi ya serikali kuu ni suala jingine. Sheria ya 1979 ya kulinda rasilimali za akiolojia inakataza kuchimba bila kibali vitu vyenye umri wa zaidi ya miaka 100 kwenye ardhi hiyo, na viwanja vya vita vilivyo chini ya idara ya hifadhi za taifa vinalindwa kwa ukali. Petersburg penyewe, mtu mmoja aliyekuwa akichimba ndani ya hifadhi kwa miaka mingi alifungwa baada ya wapelelezi kuyapata madaftari aliyokuwa akiandika mwenyewe kila alichopata, jambo linaloonyesha kwamba mwizi wa mabaki anaweza kuwa mwangalifu wa kumbukumbu kuliko wakusanyaji wengi waaminifu.

Kwa upande wa maarifa, hasara ya kuchimba ovyo ilionekana wazi Little Bighorn, jimboni Montana. Moto wa nyika wa 1983 uliunguza majani ya uwanja ambako wenyeji wa asili, Lakota, Cheyenne na Arapaho, walimshinda Custer, kamanda wa jeshi la Marekani, mwaka 1876, na katika misimu ya 1984 na 1985 wanaakiolojia Douglas Scott na Richard Fox, wakisaidiwa na watu wa kujitolea wenye vifaa vya kutambua metali, waliweka alama kila ganda la risasi mahali lilipokuwa kabla ya kulitoa. Kwa kulinganisha alama za pini ya kufyatulia kwenye maganda waliweza kufuata mwendo wa bunduki mojamoja uwanjani. Kombora la mzinga husema mambo ya aina hiyohiyo: pembe lililoingilia ardhini, kina chake, na sekunde iliyotobolewa kwenye fyuzi yake, ambayo humwambia msomi mpigaji alidhani adui yuko umbali gani. Tufe likishasafishwa na kuwekwa juu ya meza kwenye maonyesho bila kumbukumbu ya mahali lilipotoka, kinachobaki ni kipenyo na uzito. Kombora la Chester nalo limetuacha hivyo, kwani tunajua liliundwa kwa ajili ya mizinga ya aina gani, na hatuwezi kusema lilirushwa katika pigano lipi.

Karne moja, vilipuzi viwili

Kuna onyo moja zaidi ambalo kisa hiki hakiligusi moja kwa moja, nalo linawahusu wasomaji wa Afrika Mashariki kuliko wa Virginia. Mambo yote niliyoyasema juu ya baruti nyeusi, kwamba haisikii kugongwa na kwamba maji huidhoofisha, yanahusu makombora ya miaka ya 1860. Katika miaka ya 1880 majeshi ya Ulaya yalianza kujaza makombora yao asidi ya pikriki: Wafaransa mwaka 1887, Waingereza na Wajerumani mwaka uliofuata. Asidi hiyo, ikikaa muda mrefu ikigusana na metali kama risasi na chuma, hutengeneza chumvi zinazoweza kulipuka kwa kusuguliwa au kugongwa tu. Maji na miaka haviifanyi iwe salama zaidi.

Wajerumani waliipiga Kalenga, ngome ya Mkwawa, kwa mizinga mwezi Oktoba 1894, na manowari za Waingereza ziliipiga jumba la Sultani wa Zanzibar na kuizamisha meli yake Glasgow tarehe 27 Agosti 1896. Mapigano hayo ni ya karne ya kumi na tisa sawa na ya Petersburg, lakini yalikuja baada ya mabadiliko hayo ya vilipuzi, na kwa kulitazama nje mtu hawezi kujua kombora la miaka hiyo lilijazwa nini. Anayelikuta lolote wakati wa kuchimba msingi au shimo la choo hana ile nafuu ya kusema kwamba yanahitaji joto la nyuzi 300 ndipo yalipuke. Alama ya kijiti umbali wa hatua kadhaa, picha ya simu ikiwa haihitaji kusogea karibu, na taarifa kwa polisi, ambao watawaita wanajeshi wenye ujuzi huo, ndiyo kazi yote inayomhusu. Kulihamisha hadi ofisi ya kijiji ili mwenyekiti akalione ni hatari isiyo na sababu.

Kuhusu Virginia, biashara ya makombora yaliyochimbuliwa haikukoma baada ya 2008, wala sioni kwa nini ikome kabisa. Tufe lililoteguliwa na kusuuzwa, lenye tobo linaloonekana na karatasi ya kueleza shamba lilipotoka, ni kitu halali na chenye mafunzo. Ningemshauri mnunuzi aukatae mzigo wowote wa kipenyo cha majini wenye fyuzi ya shaba ambayo haijawahi kufunguliwa, hata kama muuzaji ana sifa ya kuuza mengine elfu bila tatizo, na alipie zaidi kwa kombora lenye tobo kuliko kwa lile lisilo nalo.